Muulize Karani: Maraga na ile hukumu ya pili

Katika toleo lililopita msomaji aliniuliza ni jaji gani wa Kenya ninayemheshimu kuliko wote. Nikamjibu kwa mstari mmoja: David Kenani Maraga, aliyekuwa Jaji Mkuu kuanzia Oktoba 2016 hadi Januari 2021. Mstari huo umeniletea barua nyingi, nyingine za kuniunga mkono na nyingine za kunikaripia. Nimechagua chache. Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi nilikuwa karani wa masjala ya mahakama, Mombasa, mpaka nilipostaafu. Mambo ya majaji nimeyajua kupitia faili.

Shikamoo Bi. Karani. Mimi ni mwalimu wa hisabati, Kakamega. Mwaka 2017 nilimpigia kura Uhuru Kenyatta na mpaka leo sijaelewa. Tofauti ya kura ilizidi milioni moja. Hakuna aliyethibitisha mahakamani kwamba Raila Odinga alishinda. Jaji anafutaje ushindi wa namna hiyo, kisha anaitwa shujaa?

Marahaba, Mwalimu. Mengi uliyosema ni kweli. Tarehe 11 Agosti 2017 tume ya uchaguzi, IEBC, ilitangaza kwamba Kenyatta amepata kura 8,203,290 na Odinga 6,762,224. Na ni kweli kwamba Mahakama ya Juu, iliposoma uamuzi wake tarehe 1 Septemba, haikumtangaza Odinga mshindi. Ilichosema ni kwamba uchaguzi ule haukuendeshwa kwa kufuata Katiba, kwa hiyo ni batili, na urudiwe ndani ya siku 60. Walikuwa majaji wanne dhidi ya wawili: Maraga, naibu wake Philomena Mwilu, Smokin Wanjala na Isaac Lenaola upande mmoja, Jackton Ojwang na Njoki Ndungu upande wa pili. Wa saba, Mohamed Ibrahim, aliugua kesi ikiendelea.

Shina la jambo ni kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi. Kwa muda mrefu mtu aliyekwenda kupinga matokeo alibebeshwa mizigo miwili kwa pamoja: aonyeshe kwamba sheria imevunjwa, tena aonyeshe kwamba kuvunjwa huko ndiko kulikomfanya mshindi awe mshindi. Mzigo wa pili karibu haubebeki, hasa kwa kesi ya urais ambayo Katiba inaipa mahakama siku 14 tu tangu ifunguliwe. Majaji wale wanne walisema mzigo mmoja unatosha. Uchaguzi ukienda kinyume kabisa na misingi ya Katiba, yaani uwe wazi, uwe sahihi na uweze kuthibitishwa, mahakama haiulizi tena nani alikuwa mbele kwa kura ngapi.

Na hapa, Mwalimu, pana kipande kilichoandikwa kana kwamba kwa ajili yako. Katika hukumu kamili, iliyosomwa tarehe 20 Septemba, majaji walikumbusha tulivyofundishwa shuleni kwamba jibu la hesabu halisimami peke yake. Lazima pawe na njia uliyopita kulifikia, ili ithibitike kwamba jibu limetoka humo. Wewe mwenyewe, mwanafunzi akikuandikia jibu tupu chini ya swali, unampa alama zote? Walisema pia kwamba uchaguzi ni mchakato, hauishii siku ya kupiga kura.

Sasa tuitazame hiyo njia. Kituo cha kupigia kura hujaza Fomu 34A. Za eneo bunge zima hujumlishwa kwenye 34B, na za maeneo bunge yote 290 huingia kwenye 34C, ambayo ndiyo humpa mtu urais. Siku matokeo yalipotangazwa, tume yenyewe ilikuwa bado haijapokea fomu zote za 34A. Msajili wa mahakama alipozikagua fomu akakuta baadhi ya 34B hazina alama za usalama, nyingine hazina nambari ya mfululizo, nyingine hazina sahihi ya msimamizi. Hata 34C iliyoletwa ilikuwa nakala isiyo na alama wala nambari. Mahakama ikaamuru tume ifungue seva zake, watu waangalie tu bila kugusa. Tume haikutii agizo hilo ipasavyo. Majaji wakasema kwamba ukikataa kuonyesha kitu ambacho ni wewe tu uliye nacho, mahakama haina budi kukubali anayosema mwenzako kuhusu kitu hicho.

Nikisoma sehemu hiyo mimi karani husisimka. Kwenye dirisha la masjala nilirudisha hati za watu wenye haki kabisa, wajane, wafanyakazi waliofukuzwa, kwa sababu hati haikuwa na sahihi au kiapo hakikuwa na muhuri wa kamishna wa viapo. Wakilia, nawapa maji, nawaonyesha mahali pa kwenda kugonga muhuri, lakini faili siipokei. Basi iweje mjane wa Likoni adaiwe muhuri kwa kesi ya kiwanja, na karatasi inayompa mtu nchi nzima isidaiwe? Huo ndio uzito niliouona katika uamuzi ule. Sheria ya dirishani ilipandishwa mpaka juu kabisa.

Hata hivyo, Mwalimu, kufuta uchaguzi siko kulikonifanya nimheshimu Maraga. Sababu yenyewe utaiona nikimjibu ndugu wa Kisumu hapa chini.

Habari Bi. Karani. Nasoma sheria mwaka wa tatu, Eldoret. Darasani kwetu Ojwang na Njoki Ndungu wanatajwa kama watu waliouza kesi. Je, jaji anayepinga wenzake katika kesi kama ile anaweza kuwa na msimamo pia?

Anaweza, binti yangu, na wawili hao walikuwa nao. Uache kabisa kurudia hayo ya kuuza kesi. Ni tuhuma nzito na haisemwi bila ushahidi, na wewe kesho utakuwa wakili.

Jaji Ojwang aliona kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuyagusa matakwa ya wapiga kura. Jaji Ndungu alifanya kazi ambayo karani yeyote ataivulia kofia: alizipitia fomu zenyewe, akazieleza moja baada ya nyingine, na uamuzi wake ni mrefu kwelikweli. Mimi simkubalii alikofikia, kwa sababu nilizompa Mwalimu, lakini niliusoma wote. Kila jaji aliweka sababu zake wazi, kwa jina lake, ili wewe na darasa lako mzipime miaka baadaye.

Ninachokwambia ni hiki: usimpime jaji kwa upande aliosimama katika kesi moja. Sikiliza kwanza anavyomtendea aliyeshindwa. Siku ile ya 1 Septemba Maraga aliwapa wapinzani wake nafasi ya kusoma hoja zao mbele ya kamera zilezile, na aliketi akisikiliza wakati wenzake wakisema kwamba amekosea. Hakuna aliyeharakishwa.

Bi. Karani, umesahau. Mimi ni wa Kisumu. Tulimwimbia Maraga Septemba, na Oktoba akatuacha. Tarehe 25 alikuja kortini akasema hakuna kesi. Angekaa na Lenaola wakasikiliza! Halafu Novemba akaubariki uchaguzi ambao sisi hatukupiga hata kura moja. Shujaa gani huyo?

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma zaidi ya nyingine zote, na sitakujibu juujuu. Najua mliyopitia Kisumu mwaka ule, vifo na mabomu ya machozi mpaka vyumbani mwa watu. Anayekwambia usahau hakutakii mema.

Tuanze na tarehe 25 Oktoba. Uchaguzi wa marudio ulikuwa kesho yake. Wapiga kura watatu walikuwa wamekwenda Mahakama ya Juu kuomba usimamishwe. Serikali ilikuwa imetangaza siku hiyo kuwa ya mapumziko, na bado Jaji Mkuu aliipanga kesi isikilizwe. Usiku wa kuamkia siku hiyo, askari aliyekuwa dereva wa Jaji Mwilu alipigwa risasi akajeruhiwa. Asubuhi wakatokea majaji wawili, Maraga na Lenaola. Ibrahim alikuwa nje ya nchi kwa matibabu, Mwilu hakuweza kufika baada ya mkasa ule, na wengine nao hawakufika.

Sasa soma Katiba, kifungu cha 163. Mahakama ya Juu ina majaji saba, na ili iketi lazima wawe watano. Hapaongezwi maneno kwamba Jaji Mkuu anaweza kuendelea na wawili ikiwa nchi imo hatarini. Unaposema angekaa na Lenaola, unamwomba Maraga afanye kitu ambacho wiki nane tu kabla alikikataza kwa tume: kwamba njia haina maana mradi tumefika. Fikiria nafasi aliyokuwa nayo siku ile. Nusu ya nchi ingemshangilia. Kamera zilikuwepo, mawakili walikuwepo, na yeye ndiye mkubwa wa nyumba. Akasimama akaeleza nani hayupo na kwa sababu gani, akasema akidi haijatimia, kesi haiwezi kusikilizwa, akaondoka. Nilimwona kwenye runinga. Uso ulikuwa mzito, na wewe uliyemwona pia hukuona uso wa mtu aliyefurahi.

Kuhusu Novemba, hukumu hiyo ndiyo iliyonifanya nimwandike jina lake bila kusita. Tarehe 20 Novemba 2017 Mahakama ya Juu, kwa kauli moja, ilikataa kesi za kupinga uchaguzi wa marudio. Kenyatta alikuwa amepata asilimia 98 ya kura zilizopigwa, Odinga akiwa amejiondoa tarehe 10 Oktoba, na katika sehemu kubwa ya kaunti nne, Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori, kura haikupigwa. Uchungu wenu ulikuwa wa haki. Lakini Katiba, kifungu cha 138, inataka mgombea apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Haikutaja idadi ya watu wanaopaswa kujitokeza. Tunaweza kusema Katiba ilikosea hapo, na kuna wanasheria wanaosema hivyo, lakini kuirekebisha ni kazi ya wananchi na Bunge. Mahakama ilitazama kama safari hii walalamishi wamethibitisha uvunjaji wa sheria wa kiwango kile cha Agosti. Ikaona hawakuthibitisha.

Angekuwa jaji wa upande wenu, Novemba angewapa tena. Angekuwa amenunuliwa au ametishika, Septemba isingekuwepo. Kati ya hukumu hizo mbili Rais Kenyatta, ambaye alisema anauheshimu uamuzi ingawa haukubali, aliwaita majaji wakora mbele ya umati na kuahidi kuirekebisha mahakama. Waandamanaji walikuja mpaka mlangoni mwa Mahakama ya Juu. Tarehe 19 Septemba Maraga alitoka akasema hadharani kwamba vitisho vimezidi, polisi hawawalindi majaji inavyopasa, na yeye yuko tayari kulipa gharama yoyote, hata ya mwisho, kuilinda Katiba. Mtu aliyesema hivyo Septemba hakuwa amekuwa mwoga kufikia Novemba. Alikuwa na ushahidi mwingine mbele yake, basi.

Watu wengi nchini wanaikumbuka hukumu moja tu kati ya hizo mbili, kila mmoja ile iliyompendeza. Mimi nakuomba uzisome zote mbili kwa mkupuo. Hasira yako unaweza kubaki nayo. Ila hiyo ya usaliti, ndugu yangu, nadhani utaiacha.

Kwa Bi. Karani. Maraga mwaka 2025 ametangaza atawania urais 2027. Bado unamsifu? Msomaji, Voi.

Namsifu kwa kazi ya ujaji aliyoimaliza. Alistaafu Januari 2021 alipotimiza miaka 70, kama Katiba inavyotaka, na raia mstaafu ana haki ya kugombea. Akija Voi kuomba kura, mhoji maji, mhoji barabara, mhoji ardhi, umpime kama unavyowapima wengine. Kura yangu siwezi kukwambia itakwenda wapi.

Mama Karani, nina binti anamaliza sekondari hapa Lamu. Anasema atakuwa jaji. Baba yake anasema kazi hiyo italeta maadui tu, na anamtolea mfano Maraga: alipata nini kwa msimamo wake? Nimwambieje mzee wangu?

Mama, mwambie baba yake hajakosea. Hapa Afrika Mashariki tuna mfano mbaya kuliko huo. Septemba 1972 Jaji Mkuu wa Uganda, Benedicto Kiwanuka, alichukuliwa na askari wa Idi Amin kutoka ofisini mwake ndani ya Mahakama Kuu ya Kampala, na hakurudi. Siku chache kabla alikuwa ameamuru Mwingereza mmoja aliyekuwa kizuizini kinyume cha sheria aachiliwe.

Maraga hakufikwa na hayo, tunamshukuru Mungu, lakini alilipa kwa njia nyingine. Bajeti ya mahakama ilikatwa mpaka akalalamika mbele ya waandishi wa habari. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipeleka majina ya majaji 41, na Rais akakataa kuwaapisha. Mahakama ikaamuru waapishwe, bado wakakaa. Nyuma ya idadi hiyo kuna watu. Jaji akipungua, kesi ya kiwanja ya bibi wa miaka sabini inaahirishwa miezi minane, na mimi ndiye niliyekuwa nikimpa tarehe mpya nikimwangalia machoni. Juni 2020 Maraga alisimama akamlaumu Rais waziwazi kwa kutotii amri za mahakama. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu, angeweza kunyamaza akaenda zake Nyamira kwa amani. Majaji 34 kati ya wale waliapishwa Juni 2021, yeye akiwa tayari ameondoka.

Alipata nini? Cheo kikubwa zaidi hakikuwepo cha kupata. Lakini kuna jambo moja ningependa binti yako alijue, kwa sababu lilitokea kabla hajawa maarufu. Maraga ni mzee wa kanisa la Waadventista wa Sabato. Mwaka 2016, akihojiwa kwa kazi ya Jaji Mkuu, aliulizwa atafanyaje kesi ya urais ikiangukia Jumamosi, na siku za kesi hiyo zinahesabika. Mtu anayetaka kazi angezungukazunguka. Yeye alisema itakuwa vigumu sana kwake kuketi siku ya Sabato, kwamba angewaomba wenzake wamruhusu asiketi. Alisema hayo akijua kwamba jibu linaweza kumkosesha cheo. Wakampa. Na Agosti 2017, kikao cha maandalizi ya kesi kilipoangukia Jumamosi, kikafanyika jua lilipokwisha kuzama. Sisemi binti yako ashike dini ya Maraga. Nasema mwenye kazi alielezwa mapema ni mtu wa namna gani anayemwajiri, na alipofika kazini akawa mtu huyohuyo.

Sasa la kufanya. Mahakama zetu ni za wazi. Shule ikifungwa, mlete Mombasa au umpeleke hapo mahakama ya Lamu asubuhi, mkae viti vya nyuma, simu imezimwa. Mwambie asiwaangalie mawakili sana, maana hao ndio wanaovutia macho. Amwangalie jaji wakati mtu asiye na wakili anapojieleza vibaya: anamkatiza, au anamwita mkalimani na kumwambia aanze upya taratibu? Akimaliza mtihani, asome maamuzi yenyewe. Yote yamechapishwa kwenye tovuti ya Kenya Law na hayalipiwi. Aanze na hukumu ya 20 Septemba 2017, kisha asome ya Jaji Ndungu ya kuipinga, ingawa ndefu, kisha sababu za uamuzi wa Novemba ambazo mahakama ilizitoa Desemba. Akikwama kwenye jambo lolote la utaratibu, aniandikie hapa. Nitamjibu kabla ya barua nyingine.